Safari ya Mlima wa Unga

Watu wengine wakisikia harufu ya chapati alfajiri hufurahi. Mimi hukasirika. Juzi juzi, katika baridi hii ya Julai, jirani yetu wa ghorofa ya chini hapa Kitui mjini aliamka mapema kuwapikia watoto wake, harufu ikapanda mpaka dirishani kwetu, nami nikaanza kugonganisha vikombe kwenye sinki kana kwamba vimenitukana. Mume wangu akachungulia jikoni. "Huyu mama amekukosea nini?" akaniuliza. Hajanikosea kitu. Aliyenikosea alishazikwa Emali, na bado sijamalizana naye.

Nilikulia Nuu, upande wa Mwingi, nchi ya mtama na mbuzi na jua. Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Susu kama Wakamba tunavyowaita nyanya zetu, hakuzaliwa huko. Alitoka Mbooni, vilimani, kwenye maji na miti ya matunda, akaolewa Nuu akiwa msichana mdogo, na sidhani kama aliwahi kuisamehe Nuu kwa ukavu wake. Ndizi zetu hazikuwa ndizi, si kama za Mbooni. Maji yetu yalikuwa tope, si kama ya Mbooni. Watu walimzoea kwa hayo. Walichokataa kukizoea ni habari ya mlima.

Susu alisema hivi. Alipokuwa msichana, miezi ya baridi, alikuwa akipanda mgongo wa kilima kabla ya jua kutoka, kwenda kukata nyasi za ng'ombe. Asubuhi ambazo ukungu haukuwepo aliona, mbali sana upande wa kusini, mlima mkubwa uliomwagiwa unga juu. Aliyasimulia hayo akiwa bi harusi mpya, jikoni, mbele ya dada za mumewe, katika mwaka ambao mvua haikunyesha na unga wenyewe ulikuwa wa kuombaomba. Wifi yake mmoja, Nduku, akaweka mwiko chini. "Kama kuna mlima wa unga," akasema, "sisi tunangoja nini hapa? Leteni magunia!" Jiko zima likacheka, na tangu siku hiyo mtu akitia chumvi kwenye maneno yake Nuu nzima ilimwuliza kama naye ametoka Mbooni.

Kama ingekuwa ni kucheka tu, mimi nisingegonga vikombe. Lakini babu alipofariki, ukoo ulikaa kugawa mashamba, na Susu akasema mumewe alimwambia kwa mdomo wake kwamba lile shamba la kando ya mto, linalochimbwa visima mchangani na kupandwa sukumawiki hata wakati wa kiangazi, ni la wanawe. Hakuna mwingine aliyekuwepo babu alipoyasema. Wazee wakaanza kutazamana, na inasemekana wengine walishaanza kukubali kwa kichwa. Hapo Nduku akasimama. "Huyu ndiye aliyeona mlima wa unga," akasema. "Ndiye mnataka kumwamini kwa shamba?" Wakacheka. Wanaume wazima wakishacheka hivyo kwenye kikao, neno limekwisha. Shamba likaenda kwa kaka mdogo wa Nduku, na sisi tuliokuwa wajukuu tulikwenda kuchota maji pale kwa ruhusa, tukisalimia kwanza, mitungi ikiwa imeshushwa chini.

Baba alikuwa mwalimu, na yeye alijua vizuri kwamba kuna mlima wenye barafu. Shule nzima ilijua, ulikuwa kwenye kitabu. Lakini kitabu kilisema mlima uko Tanzania, na hapo ndipo wasomi wa Nuu walipommalizia Susu. Mtu ataonaje nchi nyingine akiwa anakata nyasi Mbooni? Baba hakuwahi kusema anamwamini mama yake wala kwamba hamwamini. Alikuwa pia mzee wa kanisa, mtu mpole kupita kiasi, na mambo ya namna hiyo aliyaweka pembeni kwa kusema tuyaombee.

Halafu macho ya Susu yakaanza kuharibika. Daktari wa Kitui alisema ni presha ya macho, imekwenda mbali, lililopotea halirudi na lililobaki litafuata. Baba alirudi na habari hiyo uso umemshuka. Susu hakuuliza habari za dawa. Alikaa kwenye kigoda chake akakunja leso magotini, akamwambia Baba, "Musyoka, nipeleke nikauone ule mlima kabla sijafungwa macho. Na Nduku awe pale. Nikiuona peke yangu ni yale yale."

Nduku wakati huo alikuwa amehamia Emali, kwenye barabara ya Mombasa, kwa mwanawe aliyefungua duka la mabati na misumari. Sisi sote tulimwita Shangazi, kwa kumfuata Baba. Baba akapiga hesabu zake: macho ya Susu hayawezi tena kufika kusini kutoka Mbooni, na miguu yake haiwezi kile kilima, kwa hiyo tutakwenda karibu. Tutalala kwa Shangazi Emali, alfajiri tutashika barabara ya Loitokitok pamoja naye, na popote mlima utakapojitokeza tutasimamisha gari. Ilikuwa likizo ya Agosti. Mama alibaki na wadogo zangu. Mimi nilichukuliwa kwa sababu Susu alihitaji mtu wa kumshika mkono, nami nikabeba mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Nilikuwa nimeelewa kwamba ule unga ni barafu, na barafu ni maji, na maji yasiyo na mwenyewe mtu huyachota.

Safari ilitukasirisha tangu mwanzo. Pikapu ya Baba ilikuwa ya kubebea viti vya kanisa, na dirisha la upande wa Susu lilikataa kupanda, kwa hiyo baridi yote ya Agosti iliingia humo ndani ikakaa nasi. Tulipofika chini ya vilima vya Mbooni, Susu alinyoosha kidole akasema, "Kwetu ni pale." Pale palikuwa ukungu mtupu kutoka barabarani mpaka mbinguni. Baba akasimamisha gari kwa heshima. Tukautazama ukungu. "Vizuri sana, Mwaitu," Baba akasema, kwa maana ndivyo alivyomwita mama yake, kisha akawasha gari tena.

Shangazi Nduku alitupokea jioni kwa vigelegele. Nilikuwa nimemtarajia mtu mbaya, na ndiyo maana alinichanganya. Alikuwa mwanamke mnene wa kucheka, mwenye mikono ya joto, aliyeniita mama yake na kuniuliza kama nimeshiba kabla sijala. Alimkumbatia Susu muda mrefu. Walikuwa na uzee uleule, wakakaa kwenye kochi moja wakishikana mikono na kutajiana waliofariki. Susu hakupoteza muda. "Nduku, kesho asubuhi tunaenda kuona mlima," akasema. "Wewe na mimi."

"Mlima gani tena, Mama Musyoka?"

"Unaujua."

Shangazi akacheka mpaka kochi likatikisika. "Bado uko na hiyo maneno? Hapa Emali ni vumbi na malori tu. Mimi nimekaa hapa miaka, sijaona kitu. Lakini kama Musyoka ako na petroli ya kuchezea, tutaenda tu." Baba akamshukuru. Akamweleza kwamba amesikia mlima hujificha jua likishapanda, kwa hiyo ni lazima tutoke kukiwa bado giza. "Hiyo si shida," Shangazi akasema. "Mimi huamka na jogoo."

Na kweli aliamka. Ndiyo harufu ninayoizungumzia. Nilipoamka alikuwa jikoni, ameshakanda unga, anasukuma chapati ya kwanza, na giza bado lipo dirishani. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, koti limefungwa mpaka shingoni. "Shangazi, tutakula tukirudi," akasema. Shangazi akamtazama kama mtu aliyesikia tusi. "Mtoto wa kaka yangu atoke kwangu na tumbo tupu? Na baridi hii? Watu wa Emali wataniita nini?" Baba akakaa. Hakuna namna nyingine kwetu. Huwezi kumkatalia mtu chakula ambacho tayari kiko kwenye moto.

Zikapikwa chapati, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wa kutesa. Kisha chai ikachelewa kwa sababu maziwa hayakuwa yameletwa, na ni lazima yaletwe, maana mgeni hapewi ya rangi. Tulipomaliza kunywa, Shangazi akakumbuka kwamba hajatupa mbaazi za kupeleka nyumbani, akaanza kuzichambua. Kisha akasema kuna kuku. Baba alikuwa akiangalia dirisha linavyopauka, halafu anaangalia saa, halafu anatabasamu. Namkumbuka akitabasamu hivyo na sasa nikiwaza natamani kumshika mabega nimtikise. Susu alikaa na fimbo yake katikati ya magoti, uso umeelekea mlango. "Nduku, twende," alisema kila baada ya muda. "Tunaenda, Mama Musyoka, mbona unanikimbiza?" Nilimwona Shangazi kuwa mtu mwenye upendo kupita wote niliowahi kukutana nao. Nilikula chapati zangu na za Susu pia.

Kulipopambazuka kabisa tulikuwa tumesimama, mabegi mikononi. Hapo Shangazi akapiga kofi la kukumbuka. "Hatujaomba! Mtasafirije bila maombi?" Akatuma mtu amwite jirani, mzee mmoja mhubiri, anayesifika kwa maombi ya barabarani. Baba ni mzee wa kanisa, angesema nini? Mhubiri akaja, tukaimba wimbo, akasoma andiko, akalifafanua, kisha akatuambia tufumbe macho. Aliombea matairi. Aliombea breki. Aliombea madereva wote wa malori mmoja mmoja, au ndivyo nilivyoona mimi, maana chai yote ile ilikuwa imeanza kunibana. Nilipoona amefika kwenye viongozi wa serikali nikafumbua macho, nikanyata, nikatoka kwa mlango wa nyuma kuelekea chooni.

Choo kilikuwa mwisho wa kiwanja, kando ya ua wa miti ya minyaa. Nilipotoka nilisimama kidogo kupumua, kwa kuwa hewa ilikuwa baridi na safi na sikutaka kurudi kwa mhubiri. Juu ya ua, ng'ambo ya shamba la jirani, kulikuwa na wingu. Lilikuwa jeupe sana, lenye rangi kidogo ya waridi upande wa jua, pana, bapa juu. Chini yake kulikuwa na ubuluu mtupu wa mbingu. Nililitazama kwa muda kwa sababu lilikuwa zuri na kwa sababu halikusogea. Mimi milima niliijua. Mlima una mguu, unaanzia chini unapanda, unaona mahali mtu atakapopita. Kitu hiki kilining'inia bila mguu. Nikakiacha, nikarudi ndani, nikamkuta mhubiri anasema amina na Shangazi anafuta machozi.

Tulikaa mbele ya pikapu wote wanne, Baba kwenye usukani, mimi nimebanwa katikati, Susu, na Shangazi dirishani. Barabara ya Loitokitok wakati ule haikuwa na lami, ilikuwa makorongo na vumbi jekundu, na mwendo wetu ulikuwa wa kusikitisha. Mbele yetu mawingu yalikuwa yameanza kujipanga kama ukuta, ya kijivu, mazito, mpaka chini. Baba aliendelea kusema labda yatafunguka. Tulipofika mahali pa wazi tukamkuta mchungaji mmoja wa Kimaasai na ng'ombe zake, amejifunika blanketi mpaka masikioni. Baba akamwamkia, akamuuliza mlima uko wapi.

"Uko hapo mbele yako," mchungaji akasema, akaonyesha ukuta wa mawingu kwa fimbo. "Lakini mmechelewa. Asubuhi ulikuwa wazi kabisa, hata mtoto angeuona. Saa hii umejifunika. Ngojeni kesho."

Tulingoja siku ileile. Baba alipaki gari kando ya barabara, Susu akashuka akasimama nimemshika mkono, leso imefungwa kichwani, akiwa ameelekeza uso kwenye yale mawingu. Upepo ulikuwa unakata. Shangazi alikaa ndani ya gari akimenya machungwa na kutugawia, akisema maskini, maskini, safari yote hii. Susu hakula chungwa. Jua lilipita juu yetu upande wa pili wa kijivu, mchungaji akaondoka na ng'ombe wake, na mkebe wangu ukakaa miguuni mtupu. Hatimaye Baba akasema, kwa sauti ya chini sana, "Mwaitu, turudi." Mara ya kwanza Susu alijifanya hakusikia.

Tulirudi kimya. Kimya cha watu wazima wenye huzuni humchosha mtoto, nami nikatafuta neno lolote la kusema. Nikasema, "Hata lile wingu la asubuhi limepotea."

"Wingu lipi?" Susu akauliza, bila nia.

"Lile la nyuma ya choo."

Gari likapita korongo moja, likapita jingine. Kisha nikahisi mkono wake umebana wangu. "Lilikuwa linatembea?" akaniuliza.

"Hapana. Lilisimama tu."

"Juu yake kukoje?"

"Bapa. Kama mahali pa kukalia."

"Na chini?"

"Hakuna chini, Susu. Ni mbingu tu. Ndiyo maana ni wingu."

Baba alikuwa ameondoa mguu kwenye mafuta bila kujua, na pikapu ikajisimamia yenyewe katikati ya barabara. Hakuna aliyemtazama Shangazi. Yeye alikuwa ametazama nje ya dirisha, maganda ya machungwa yako mapajani mwake, na nakumbuka nilishangaa kwa nini mtu wa kucheka hivyo hachekelei hadithi yangu.

"Nduku," Susu akasema. "Nyuma ya choo chako kuna nini?"

"Kuna shamba la jirani."

"Na mbele ya shamba la jirani?"

Shangazi alikunja maganda kwenye leso yake, polepole, akafunga fundo. "Kuna mlima," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu nihamie. Siku ya kwanza nilitoka asubuhi nikauona, nikakaa chini hapo hapo kwa umande. Uko vile ulisema. Vile vile kabisa."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nani, Mama Musyoka?"

"Mimi," Susu akasema. "Si ungeniambia mimi?"

Nilitarajia ugomvi. Nilitarajia Baba, angalau Baba, apige usukani. Alisema, "Jamani," halafu akawasha gari, tukaenda. Ilinichukua miaka mingi kuielewa ile asubuhi: chapati za moja moja, maziwa, mbaazi, kuku, yule mhubiri na breki zake. Alikuwa ametuwekea ua ambao hakuna Mkamba mwenye adabu anayeweza kuuruka, na sisi tukaukalia tukimshukuru. Mtu akikufungia mlango unaweza kuusukuma. Akikufungia kwa chakula na maombi utasukuma nini?

Tulilala tena Emali, kwa kuwa usiku ulikuwa umeingia na Susu alitaka asubuhi moja zaidi. Aliamka kabla ya wote, akaniamsha, tukaenda nyuma ya choo na blanketi mabegani. Hapakuwa na wingu wala mlima wala shamba la jirani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka juu ya minyaa, mzito, unadondoka. Tukasimama. Baada ya muda mrefu nikasikia kandambili zinaburuzika nyuma yetu, Shangazi akaja, akasimama upande wa pili wa Susu. Alimshika kidevu, kwa vidole viwili, akamgeuza uso kidogo kushoto.

"Uko hapo," akasema. "Kuanzia huu mti mpaka pale paa la jirani, hivyo ndivyo ulivyo mpana. Huu upande mweupe unashuka chini zaidi. Asubuhi zisizo na ukungu, jua likigusa, unakuwa kama umewashwa taa ndani."

Susu alisikiliza mpaka mwisho. "Umesema vizuri," akasema. "Sasa njoo uyaseme hayo Nuu."

"Nuu ni mbali."

"Gari liko hapa, Nduku. Musyoka atakuleta mwenyewe."

Shangazi aliachilia kidevu chake. "Nikisema Nuu, lile shamba litarudi? Kaka yangu ameshajenga pale. Watoto wake wanakula pale."

"Mimi sikutaja shamba."

Nilimtazama Shangazi usoni, na kwa mara ya kwanza niliona mtu anayeogopa. Alifungua mdomo. Nadhani alikuwa karibu kukubali. Mpaka leo nadhani hivyo, na ndiyo sehemu inayonikera kuliko zote. Kisha akajifunga blanketi vizuri akasema baridi hii itamletea Mama Musyoka homa ya mapafu, akaingia ndani. Hakuja Nuu siku hiyo, wala siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na Baba hakuweza kungoja tena. Macho ya Susu nayo hayakungoja. Kabla ya majira mengine ya baridi alikuwa akinitambua kwa sauti tu. Mimi nimepita Emali mara nyingi tangu wakati ule, lami imewekwa, watu wanasimama kando ya barabara kupiga picha mlima kwa simu na kuendelea na safari zao, bila shida yoyote, bila mtu wa kuwabishia. Barafu yenyewe siku hizi ni mabaka. Sipigi picha. Hukaza mwendo tu.

Jumapili baada ya kurudi, ibada ilipokwisha, wanawake walimzunguka Susu nje ya kanisa. Habari ya safari ilikuwa imetutangulia. "Mama Musyoka," mmoja akaanza, wengine wakiwa wameshaanza kubana vicheko, "mlima wa unga ulikuwaje? Mmetuletea hata kibaba?"

Nilisimama kando yake nikingoja kwa furaha. Alikuwa nayo yote sasa. Alikuwa na maneno ya Nduku kutoka mdomoni mwa Nduku. Alikuwa na mimi. Alichohitaji ni neno moja tu, nimeuona, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Emali kumkanusha. Hata Baba, pamoja na uzee wake wa kanisa, nadhani angetazama viatu vyake akaliacha lipite.

"Sikuuona," Susu akasema. "Kulikuwa na mawingu."

Walicheka mpaka wengine wakashikana. "Mawingu! Petroli yote hiyo kwenda kuona mawingu!" Mama mmoja alipofuta machozi kwa leso akauliza, "Na Nduku je? Yeye aliuona?"

"Nduku ana mdomo wake," Susu akasema. "Akija, mumuulize."

Sikuweza tena. "Mimi niliuona!" nikapiga kelele. "Niliuona na macho yangu! Uko nyuma ya choo cha Shangazi!"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka sokoni. Nyuma ya choo! Mlima wa unga uko nyuma ya choo! "Aiya, huyu naye ameanza," mmoja akasema akinipapasa kichwani, na mwingine akaitikia kwamba ni damu ya Mbooni hiyo, haifichiki. Nilikuwa nalia kwa hasira, makamasi na yote, nikirudia kwamba ni kweli, ni kweli, na kila nilivyorudia ndivyo walivyozidi kucheka.

Susu alinyoosha mkono kunitafuta. Ulipotea kidogo, ukagusa bega langu, ukashuka mpaka ukapata kiganja. "Basi, basi," akasema. "Sasa tuko wawili."

Alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa na hasira mno, nikamvuta tu mkono, tukashika njia ya nyumbani.